N ya Ndiyo

Watu wa mtaa walimwita Bi Vifurushi, na nusu yao hawakujua kwa nini. Walidhani anauza vifurushi vya simu. Asubuhi mtu aligonga dirisha lake, simu mkononi: "Dada, niunge cha wiki." Naye alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye skrini, "Vya kwangu haviishi muda, ndugu yangu. Vya kwangu huvunjika tu." Mgongaji aliondoka akidhani amefukuzwa.

Jina lilitoka kazini. Alikuwa mtunzaji wa kompyuta katika kituo kidogo, vyumba vitatu juu ya duka la vioo, ambako watu saba walitengeneza programu ya kuwasomea wasioona maandishi kwa sauti. Kompyuta zao zilitumia Linux, na Linux haiji kama nyumba iliyokwisha kuezekwa. Huja vipande vipande, maelfu, na kila kipande ni kifurushi. Kifurushi hakipendi kusafiri peke yake. Kimoja husema, siingii humo bila kaka yangu. Kaka naye haji bila shemeji. Shemeji yuko tayari, lakini akimkuta ndani yule wa zamani anageuzia mlangoni. Masharti hayo Bi Vifurushi aliyaita tegemezi, na zilipovunjika yeye ndiye aliyeitwa. Siku ambazo hazikuvunjika hakuna aliyekumbuka kwamba yupo.

Mwaka alioajiriwa alipewa fomu yenye mstari unaouliza idadi ya wategemezi. Aliandika: "1,940, pamoja na Mama." Karani akairudisha na duara jekundu. Akakata, akaandika moja.

Huyo mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka kama rula, aliyewafundisha a, e, i, o, u watoto ambao sasa walikuwa na vipara. Waliishi pamoja, mama na binti, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Bi Vifurushi aliwahi kuolewa. Mume alikuwa fundi umeme, na siku ya kuondoka, baada ya miaka minne, alisema hajapata kuona mtu anayejibu maswali ya mashine papo hapo na ya binadamu kesho. Lilimchoma neno hilo kwa kuwa lilikuwa la kweli. Alirudi kwa mama yake na sanduku moja la nguo na kompyuta mbili.

Alikuwa na jambo moja alilojivunia. Mashine zile zilikuja zikiuliza kwa Kiingereza: Y kwa ndiyo, N kwa siyo. Bi Vifurushi alizifundisha Kiswahili. Alitafsiri ujumbe mmoja baada ya mwingine, jioni baada ya jioni, akaufunga kuwa kifurushi cha lugha, na tangu hapo kompyuta za kituo zikawa zinauliza kistaarabu: Niendelee? N kwa ndiyo, H kwa hapana. Kwa miaka sita kidole chake kilijua njia hiyo kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani.

"Dada Vifurushi," Fundi Sauti alimwambia mara moja, yule mwenzake wa kazini aliyesimamia chumba cha kurekodi, "siku utakapokaa kwenye kompyuta ya watu utawaharibia nyumba."

"Kompyuta ya watu sikai."

"Mwizi naye husema hivyo hivyo kuhusu kitanda cha polisi."

Chumba cha kurekodi kilikuwa stoo iliyozungushiwa magodoro. Hapo ndipo, miaka sita nyuma, mama yake aliketi asubuhi za miezi minne akisoma sentensi elfu mbili mia nane na kumi na sita. Kituo kilihitaji sauti ya kufundishia mashine, na Fundi Sauti alikuwa amesikiliza watu thelathini akawakataa wote, mpaka siku mwalimu alipopanda ngazi kumletea binti yake miwani aliyoisahau, akasema tu, "Hodi." Fundi Sauti alitoka mbio chumbani. "Mama, hebu sema tena."

Sentensi zilichaguliwa kwa ajili ya sauti zilizomo, maana haikuhesabiwa. Mbwa mweusi ameng'ang'ania mlango wa ng'ombe. Chungwa la mchungaji limechokolewa na mchwa. Mwalimu alizisoma kwa heshima ile ile aliyokuwa akiwasomea nayo watoto, halafu alivua vile visikizi vikubwa akauliza, "Huyu aliyeandika haya amewahi kuzungumza na mtu?"

Mwishowe kituo kilichagua sauti nyingine, ya msichana, nyororo kama sabuni. Sentensi za mwalimu zikabaki. Mwaka wa pili baada ya hapo koo likaanza kukwaruza, na kukwaruza kukawa uvimbe, na uvimbe ukawa siku ambayo daktari alimweleza Bi Vifurushi, polepole na kwa kuchora kwenye karatasi, kwamba mama atapona lakini kisanduku cha sauti kitatoka chote. Mwalimu aliamka akiwa na tundu dogo shingoni la kupumulia, na kitambaa cheupe juu yake. Alipofungua kinywa pakatoka upepo.

Binti alizichukua zile sentensi akaenda nazo nyumbani. Programu aliyounda ilikata sauti ya mama vipande vidogo kuliko silabi, ikaviunga upya kuwa neno lolote utakaloandika. Aliifunga kazi hiyo kuwa kifurushi, akakiita mwalimu. Mama akachapa kwa kidole kimoja, akabonyeza, na kompyuta ikasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kabla ya mkwaruzo: "Nataka maji."

Kwa mambo ya nyumbani mwalimu hakuisumbua mashine. Alikuwa na kibao chake cha chaki, cha ukubwa wa sinia, na mwandiko ambao hata orodha ya sokoni iliufanya uonekane somo. Mashine aliihitaji kwa jambo moja. Dada yake mkubwa, ambaye Bi Vifurushi alimwita Mama Mkubwa, aliishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima, na kisukari kilikuwa kimemmaliza macho. Mmoja hakuweza kusema, mwingine hakuweza kusoma. Kilichobaki kati yao kilikuwa simu ya Jumapili saa kumi jioni, na sauti iliyotoka kwenye kompyuta.

"Umekula?" Mama Mkubwa aliuliza kila Jumapili.

Mwalimu alichapa. Mashine ikasema, "Nimekula, dada."

"Umekula nini?"

Kimya, vidole vikitafuta herufi.

"Mbona unanyamaza? Unanificha nyama?"

"Ninachapa, dada. Vidole vimezeeka."

"Zamani ulikuwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Ugonjwa huu umekutia adabu."

Hapo mwalimu alicheka, kitambaa kikipepea shingoni, na kwa kuwa kicheko chake hakikusikika alikichapa. Mashine ikasoma: "Ha. Ha. Ha." Kila moja mbalimbali, kama imla. Mama Mkubwa alicheka hapo mpaka akakohoa. Walifanya hivyo kwa miaka minne, na hakuna Jumapili ambayo kichekesho hicho kilichakaa.

Mara mbili mwalimu aliandika kibaoni: "Niwekee kwenye simu." Na mara mbili binti alijibu, "Nitakuwekea, Mama." Alikuwa na nia. Lakini kompyuta iliyokuwa na sauti ndiyo ile ile ya kazi, ile ambayo matoleo mapya ya programu yalijaribiwa kwanza kabla ya kwenda kwa watu, na kila wiki ilikuwa na jambo lake. Kesho ya Bi Vifurushi ilikuwa ndefu.

Kifurushi cha mwalimu kilitegemea kifurushi kingine, kidogo na kikongwe, cha kushughulikia sauti. Waliokitengeneza walikwisha kukiacha. Bi Vifurushi alikiwekea kizuizi, kila sasisho likaja likakiruka, kama watu wanaodeki kumzunguka mzee aliyelala sebuleni. Miaka minne kikalala hapo. Kisha zikaja habari mbili kwa wiki moja. Ghala la mtandaoni lililohifadhi vifurushi vya toleo lao la Linux lingefungwa mwisho wa mwezi. Na programu mpya ya kituo, iliyosubiriwa na shule ya wasioona, ilitaka kifurushi kipya cha sauti, ambacho hakikubali kukaa nyumba moja na kile kikongwe.

Hakuogopa. Alikaa na penseli akapanga. Kifurushi cha mwalimu kitolewe, rekodi zake zibaki. Kikongwe kitoke. Kipya kiingie. Kisha ataiunda upya sauti ya mama juu ya kile kipya, kazi ya saa mbili, na Jumapili itakuta kila kitu mahali pake. Alichagua Jumamosi asubuhi, akili ikiwa safi.

Alinakili kwanza. Kazini alijulikana kwa neno hilo. Aliwaambia mpaka mafundi wa vioo wa chini, nakili kwanza, ndipo uguse. Alichomeka flashi, akaburuta folda ya sentensi, ikahamia kwa sekunde mbili. Alihesabu: faili elfu mbili mia nane na kumi na sita, majina sawasawa, ya kwanza mbwa mweusi, ya mwisho mchwa. Akaichomoa, akaiweka ndani ya kikombe cha kalamu.

Sekunde mbili. Baadaye alilirudia jambo hilo mara nyingi. Sauti ya mama yake ya miezi minne, na ilihama kwa sekunde mbili, na yeye hakushtuka.

Mwalimu alikuwa jikoni akichambua mchele. Alikuja mlangoni na kibao: "Utamaliza kabla ya kesho?"

"Kabla ya chakula cha mchana, Mama."

Mwalimu alifuta kwa kiganja, akaandika: "Cha lini?" Akarudi jikoni mabega yakitikisika.

Vifurushi vipya elfu moja na mia mbili na ushei vilishuka kutoka ghalani bila ugomvi. Kisha mashine ikasimama. Ikaandika, kwa Kiswahili cha Bi Vifurushi mwenyewe: Vifurushi vifuatavyo vina tegemezi ambazo hazijatimizwa. Majina manne. Alitoa kile kizuizi cha zamani. Yakabaki majina matatu. Alichukua karatasi akachora mishale, huyu anamtaka yule, yule amemkataa huyu, kama mtu anayesuluhisha mirathi. Alipofika mwisho wa mishale alimkuta mkaidi wa mwisho, na mkaidi alikuwa wake. Ni kile kifurushi cha lugha. Alikuwa amekifunga kwa toleo la zamani la mfumo, na kwa miaka hakukifungua. Kiswahili chake ndicho kilichoziba mlango.

Alitabasamu kidogo. Kikitoka sasa, jioni atakirudisha. Mashine ikauliza: Kifurushi cha lugha kitaondolewa. Niendelee? N kwa ndiyo, H kwa hapana.

N.

Mistari ikaanza kumwagika skrini nzima. Vya zamani vilitoka, vipya vikaingia, jina juu ya jina, na yeye aliegemea kiti akanyoosha vidole kwa raha ya mtu aliyefungua fundo kwa kucha zake. Zamu ya kifurushi cha mwalimu ikafika. Kilipokuwa kinatoka kiliuliza swali, kwa sababu yeye mwenyewe miaka minne nyuma alikiandikia swali hilo, kwa hadhari, mtu asije akafuta rekodi kwa bahati mbaya. Aliliandika kwanza kwa Kiingereza kama yanavyoandikwa yote, kisha akalitafsiri. Tafsiri ilikuwa imetoka dakika moja iliyopita. Kwa hiyo swali lilikuja katika Kiingereza chake cha zamani: zihifadhiwe rekodi? Y kwa ndiyo, N kwa siyo.

Alilisoma. Hilo hakujidanganya kamwe. Alilisoma na akalielewa. Zihifadhiwe? Ndiyo, tena ndiyo mara mia. Jicho lilisoma Kiingereza, kidole kikajibu Kiswahili.

N.

Mistari ikaendelea. Ilipita mitatu, minne, ndipo akatambua amejibu nini. Alibonyeza kusimamisha, lakini mashine iliyo katikati ya kubadilisha mifupa yake hairuhusu kusimamishwa. Ukiikata hapo haiamki tena, na yeye aliyajua hayo kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Akaiacha. Dakika kumi na moja alikaa mikono mapajani akiangalia vifurushi mia tano vikijipanga juu ya mahali palipokuwa na mama yake. Mwisho ikaandika, kwa adabu, kwamba tegemezi zote zimetimizwa, zilizovunjika: 0.

Folda ilikuwa tupu.

Aliichukua flashi kutoka kikombe cha kalamu. Majina yote yalikuwemo. Alibofya la kwanza. Mashine ikasema faili halipo. La pili. La mia. Ndipo alipoangalia uzito, jambo ambalo asubuhi hakuliangalia. Alihesabu, hakupima. Folda aliyoinakili ilikuwa ya njia za mkato, vijina vinavyoelekeza mahali faili lenyewe lilipolala, alizozipanga mwenyewe zamani ili kazi iwe nyepesi. Alikuwa amekimbia moto na anwani za nyumba elfu mbili mia nane na kumi na sita, na ndani ya kila nyumba hakumtoa mtu.

Alimpigia Fundi Sauti. Alisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake, na sufuria.

"Zile rekodi za Mama," alisema. "Zile za mwanzo, kabla hazijakatwa. Mashine ya chumba cha kurekodi bado unayo?"

"Ile nyeusi? Dada, ile tuliibadilisha mwaka juzi. Kwani nini?"

"Diski yake?"

"Ilifutwa ikapelekwa shuleni." Kelele za watoto zilipungua, alikuwa amehama chumba. "Nilikuuliza siku ile. Nilikuja mpaka mezani kwako nikakuuliza, dada, una nakala? Ukasema unayo."

"Nilikuwa nayo."

"Chomoa umeme, usiguse kitu," Fundi Sauti alisema. "Naja."

Alikuja, akakaa na kompyuta ile mpaka saa tisa alasiri kwa programu za kufukua vilivyofutwa. Diski ilikuwa ya kisasa, isiyo na sahani inayozunguka, ile ambayo ikiambiwa kitu hiki si chako tena hukisafisha upesi. Na kilichosalia kilikuwa kimekwisha kuandikwa juu yake. Alipata kipande kimoja chenye urefu wa nusu sekunde. Walikisikiliza mara tatu. Kilikuwa pumzi kabla ya neno. Neno lenyewe halikuwemo.

Fundi Sauti alipokuwa anavaa viatu mlangoni, mwalimu alimpa mkono kama kawaida, na yeye akaushika kwa mikono yote miwili, akainama, akaondoka bila utani. Kwa hiyo mwalimu alikwisha kujua kuna msiba kabla hajaandika neno.

Alisimama mbele ya binti yake na kibao. "Imekwisha?"

"Imekwisha, Mama." Kisha akamweleza. Alimweleza kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti ya kazini, kizuizi, ghala, mishale, lugha, herufi. Alipofika kwenye herufi sauti yake ilikatika, na akaona haya kwamba yeye ana sauti ya kukatika.

Mwalimu alifuta. "Zote?"

"Zote."

Alifuta tena, polepole, mpaka pembeni. "Hata ya mchwa?"

"Hata ya mchwa, Mama."

Mwalimu alikitazama kibao kitupu. Alikilaza mezani kifudifudi, akaweka kipande cha chaki juu ya mgongo wake, akaenda chumbani kwake. Chakula cha jioni kilipikwa, kililiwa, vyombo vikaoshwa, na kibao hakikugeuzwa. Bi Vifurushi aliwahi kupigwa na mama yake utotoni, mara mbili tatu, na kugombezwa mara zisizo na hesabu. Hakuwahi kunyimwa neno. Kwa mwalimu, mwenye machache ya kutoa, kile kibao kilicholala kilikuwa kirefu kuliko hotuba.

Jumapili asubuhi aliweka ile sauti ya msichana. Ilikubali mara ya kwanza, bila tegemezi hata moja kulalamika. Hakuna siku mfumo wake ulifanya kazi vizuri kama siku ile.

Saa kumi kasoro mwalimu alitoka chumbani amevaa kitambaa kisafi shingoni, akaketi mbele ya kompyuta. Hakumtazama binti yake. Simu ikaita, ikawekwa kwenye spika karibu na kibodi. Mwalimu alichapa salamu yake, akabonyeza.

"Shikamoo, dada," likasema lile lisichana.

"Marahaba," akasema Mama Mkubwa. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mdogo wako."

"Mdogo wangu hana sauti ya karani wa benki. Mpe simu mwenyewe."

Vidole vilitafuta herufi. "Ni mimi. Sauti imepotea."

"Ilishapotea," Mama Mkubwa alisema. Alianza kuhema. "Ilishapotea kule hospitali, tukalia, yakaisha. Mtu hapotezi sauti mara mbili. Nyie watu, mnanificha nini? Amekufa? Mdogo wangu amekufa na mnanichezea redio?"

Mwalimu alichapa haraka, akakosea, akafuta, akachapa. Lisichana likasema kwa unyororo wake, "Sijafa, dada, tulia," na simu ya upande wa pili ikatoa kilio ambacho Bi Vifurushi hakuwahi kukisikia kwa mtu mzima.

"Mama Mkubwa!" alipaza sauti. "Mama Mkubwa, ni mimi. Yuko hapa. Mzima, amekaa hapa mbele yangu. Ni mimi nimeiharibu ile sauti. Jana. Nimeifuta kwa kidole changu mwenyewe."

Pua ilipengwa upande wa pili. "Zima hicho kisichana."

Alikizima.

"Mdogo wangu. Kama ni wewe, gonga meza. Moja ndiyo, mbili hapana. Upo?"

Mwalimu alikunja kidole chake cha kati, kile ambacho kwa miaka thelathini na nne aliwatulizia watoto kwenye dawati la mbele, akagonga. Ko.

Mama Mkubwa alivuta pumzi. "Hicho nakijua," alisema. "Hicho umenigongea kichwani mara nyingi. Umekula?"

Ko.

"Ulikula vizuri?"

Ko, ko.

"Siku hizi wanakunyima nini, nyama?" Alisubiri jibu, akakumbuka kwamba swali hilo halijibiwi kwa kugonga meza. Lile Ha ha ha la imla halikuja. Wote watatu walilisubiri mahali pake, kila mtu kwenye giza lake. "Haya," Mama Mkubwa alisema kwa sauti ya chini. "Haya. Nitakuwa nazungumza mimi. Mguu wangu unaniuma, lakini si kama wiki iliyopita. Yule jirani wa mbele amehama. Wewe je, kifua kinakusumbua?"

Ko, ko.

"Binti yupo hapo?"

Ko.

"Analia?"

Mwalimu aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu jana alasiri, akamtazama binti yake usoni, uso mzima uliolowa mpaka kidevuni. Akaigeukia meza. Ko, ko.

"Una hasira naye?"

Ko. Lilitoka kabla swali halijatua vizuri, na kalamu zikacheza ndani ya kikombe.

"Ni haki yako. Mimi pia ninayo, nikimpata nitamfinya." Mama Mkubwa alipenga pua tena. "Utamsamehe?"

Mwalimu aliinua mkono. Nje mtu alikuwa akigonga dirisha la chumba cha pili, akitaka kifurushi cha wiki, na hakuna aliyemjibu. Mkono ulikaa juu muda ambao zamani ungetosha kuchapa sentensi nzima. Kisha ukashuka.

Ko.

Ukainuka tena, ukabaki juu ya meza, kidole kimekunjwa.

"Hilo ni moja?" Mama Mkubwa aliuliza kutoka mbali. "Au la pili liko njiani?"

Bi Vifurushi aliutazama mkono ule, akasubiri pamoja naye.